Je, Wajua? Tasnifu za Wanafunzi Zilizobadilisha Soko la Hisa

Mtu anayenunua hisa leo ananunua gawio la miaka ambayo bado haijafika. Atoe shilingi ngapi? Swali hilo moja linabeba tawi zima la uchumi, lile linalochunguza bei za mali za kifedha: hisa, hatifungani, fedha za kigeni na mikataba inayozaliwa nazo. John Cochrane, aliyeanza na fizikia kabla ya kuchukua shahada ya uzamivu katika uchumi, alitoa mwaka 2001 kitabu cha kiada ambacho wanafunzi wa uzamivu wa fani hii hukesha nacho. Amekijenga chote juu ya mlinganyo mmoja mfupi: bei ya leo ni wastani wa malipo yanayotarajiwa kesho, kila malipo yakipewa uzito kulingana na jinsi fedha hiyo itakavyohitajika siku itakapofika. Shilingi inayokuja wakati wa njaa ina uzito kuliko shilingi inayokuja wakati wa neema. Kurasa mia kadhaa zinazobaki ni matawi ya wazo hilo.

Kinachonivutia zaidi ni waliolijenga. Nguzo nyingi za fani hii zilisimamishwa na wanafunzi waliokuwa wakihangaika na tasnifu zao, na mara nyingi walimu wao hawakujua wazipe tasnifu hizo alama gani.

Je, wajua kwamba hisabati ya bei za soko ilianza na kijana aliyekuwa akiuza mvinyo?

Louis Bachelier alizaliwa Le Havre, Ufaransa, mwaka 1870. Wazazi wake walifariki alipokuwa anamaliza shule, ikambidi ashike biashara ya familia ya mvinyo badala ya kwenda chuo. Alifika Paris kusoma akiwa nyuma ya wenzake kwa miaka kadhaa. Tarehe 29 Machi 1900 alisimama mbele ya watahini wa Sorbonne kutetea tasnifu kuhusu biashara ya kubahatisha bei katika soko la mitaji. Msimamizi wake alikuwa Henri Poincaré, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake.

Bachelier alichunguza hatifungani za serikali ya Ufaransa na mikataba iliyompa mtu haki ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyokubaliwa mapema. Hoja yake ilianzia mahali pepesi. Kila biashara inapofungwa, kuna anayeuza kwa kuwa anaona bei itashuka, na kuna anayenunua kwa kuwa anaona itapanda. Wakilingana nguvu, basi faida ambayo mbahatishaji anaweza kuitarajia kwa wastani ni sifuri. Kutoka hapo alionyesha kwamba upana wa kuyumba kwa bei hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Ikiwa kwa siku moja bei huyumba kwa kadiri ya shilingi 1, kwa siku 4 itayumba kwa kadiri ya shilingi 2, na kwa siku 100 kwa shilingi 10. Kanuni hiyo bado inatumika kila siku katika idara za benki zinazopima hatari.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1905, Albert Einstein alitumia hisabati ya aina hiyo hiyo kueleza mtikisiko wa chembe ndogo zinazoelea majini. Bachelier alikuwa ameshatangulia, akiwa na bei za soko mkononi.

Poincaré aliisifu kazi hiyo, ila katika ripoti yake alisema kwamba mada iko mbali kidogo na zile ambazo watahiniwa wao huzishughulikia. Tasnifu ilipata daraja la kuheshimika, chini ya daraja la juu lililofungua milango ya vyuo vikubwa. Mwaka 1926 Bachelier aliomba nafasi ya kudumu Dijon akanyimwa, baada ya mwanahisabati Paul Lévy kuandika kwamba aliona kosa katika maandishi yake. Lévy alikuja kuomba radhi baadaye. Bachelier alipata uprofesa Besançon mwaka 1927, akastaafu miaka kumi baadaye, akafariki mwaka 1946 wachumi wakiwa bado hawamjui.

Kufufuka kwake kulitokana na kadi za posta. Katikati ya miaka ya 1950 mwanatakwimu Leonard Jimmie Savage alikutana na kitabu cha Bachelier maktabani, akawaandikia wachumi kadhaa kuwauliza kama wanamfahamu mtu huyu. Mmoja wao, Paul Samuelson wa chuo cha MIT, aliitafuta ile tasnifu ya 1900 akaisoma kwa mshangao. Tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1964, miaka 64 baada ya utetezi.

Je, wajua kwamba kitabu kilichofundisha kuthamini hisa kwa gawio lake kilikataliwa kwa sababu ya aljebra?

John Burr Williams alikuwa mchambuzi wa hisa aliyerudi shule baada ya anguko kuu la soko la Marekani la 1929, akitaka kuelewa kilichotokea. Aliandika tasnifu Harvard akisema kwamba thamani ya hisa ni jumla ya magawio yake yote yajayo, yakishapunguzwa kwa sababu ya kungoja. Wachapishaji wakubwa waliogopa alama za hisabati zilizojaa kurasani. Matbaa ya Harvard ilikitoa kitabu mwaka 1938 baada ya Williams kukubali kuchangia gharama za uchapaji. Shahada yenyewe ilikuja baadaye. Leo, mchambuzi yeyote anayekokotoa thamani ya kampuni kwa mapato yake yajayo, awe Nairobi au New York, anafanya kazi ya Williams.

Je, wajua kwamba mchumi Milton Friedman alisema tasnifu iliyokuja kupata Tuzo ya Nobel si ya uchumi?

Harry Markowitz alikuwa mwanafunzi Chicago, akitafuta mada. Siku moja, akisubiri nje ya ofisi ya msimamizi wake Jacob Marschak, alianza mazungumzo na dalali wa hisa aliyekuwa naye akisubiri. Dalali akamwambia: kwa nini usiandike kuhusu soko la hisa? Marschak hakulijua soko hilo vizuri, akamwelekeza kwa mwalimu mwingine aliyempa orodha ya vitabu. Katika orodha hiyo kilikuwamo kitabu cha Williams.

Akikisoma maktabani, Markowitz aliona pengo. Kama kinachojalisha ni wastani wa mapato tu, basi kila mwekezaji angeweka fedha zake zote katika hisa moja, ile yenye wastani mkubwa kuliko zote. Lakini watu hawafanyi hivyo. Bibi zetu wanaofuga kuku na kulima mihogo na kuweka akiba kwenye upatu wanajua sababu: mambo yote hayaharibiki siku moja. Markowitz aliiweka sababu hiyo katika hisabati. Hatari ya mkusanyiko wa hisa haipatikani kwa kujumlisha hatari ya hisa moja moja. Inategemea jinsi zinavyopanda na kushuka pamoja. Hisa inayoyumba sana peke yake inaweza kupunguza hatari ya mkusanyiko mzima, ikiwa huyumba wakati wake.

Makala yake ya kurasa 15 ilitoka Machi 1952, naye akiwa na umri wa miaka 24. Siku ya utetezi wa tasnifu, Friedman alimwambia kwamba hakuona kosa katika hisabati, ila tatizo ni kuwa hii si tasnifu ya uchumi, na hawawezi kumpa shahada ya uchumi kwa kazi isiyo ya uchumi. Akaongeza kuwa si hisabati wala si uendeshaji wa biashara. Markowitz akatolewa nje kusubiri. Dakika chache baadaye Marschak alitoka na kumpongeza, akimwita daktari. Mwaka 1990, akipokea Tuzo ya Nobel pamoja na William Sharpe na Merton Miller, Markowitz alisimulia kisa hicho na kukubali kwamba Friedman alikuwa sahihi kwa wakati ule: nadharia hiyo haikuwa sehemu ya uchumi alipoitetea. Ikaja kuwa.

Sharpe naye ana kisa chake. Alikuwa mwanafunzi wa UCLA ambaye mada yake ya kwanza ya tasnifu ilikwama, akashauriwa amwone Markowitz, aliyekuwa akifanya kazi naye katika taasisi ya RAND. Markowitz hakuwa mwalimu wa UCLA, lakini alimwongoza kana kwamba ni msimamizi wake. Tasnifu ilikamilika mwaka 1961. Kutokana nayo Sharpe alitengeneza modeli inayosema kwamba soko halimlipi mtu kwa hatari anayoweza kuikwepa kwa kuchanganya hisa. Linamlipa kwa ile hatari ambayo hisa inashiriki na soko zima. Jarida alilolipelekea makala liliikataa kwanza, likiona si jambo la kweli kudhani wawekezaji wote wanatabiri sawa. Ilichapishwa mwaka 1964 katika jarida lile lile.

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1964 hakuna aliyejua kwa hakika hisa za Marekani zinalipa kiasi gani?

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa sababu nadharia husifiwa na kazi ya kukusanya takwimu husahaulika. Louis Engel, makamu wa rais wa kampuni ya udalali ya Merrill Lynch, alitaka kutangaza kwamba hisa ni kitega uchumi kizuri kwa mtu wa kawaida. Alimpigia simu James Lorie wa Chuo Kikuu cha Chicago kumuuliza mtu angepata kiasi gani kwa miaka mingi. Lorie hakuwa na jibu. Merrill Lynch ikatoa fedha, na mwaka 1960 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa bei za mitaji, kinachojulikana hadi leo kwa kifupi cha CRSP.

Lorie na mwenzake Lawrence Fisher walikusanya bei za kila mwezi za hisa zote za kawaida za soko la New York, kuanzia Januari 1926 hadi Desemba 1960, kampuni takriban 1,700. Bei zenyewe zilikuwa sehemu rahisi. Kampuni ikigawa hisa moja kuwa mbili, bei huanguka nusu bila mtu kupata hasara. Ni lazima mtu aijue tarehe na kuirekebisha. Kampuni ikimezwa na nyingine, ni lazima ijulikane mwenye hisa alilipwa nini. Kampuni ikifa, ni lazima ibaki kwenye hesabu na hasara yake. Kazi hiyo ilichukua miaka kama minne, ikahifadhiwa kwenye kanda za sumaku za kompyuta. Jibu lilichapishwa mwaka 1964: asilimia 9 kwa mwaka, kwa mtu asiyelipa kodi ambaye alirudisha magawio yake yote sokoni.

Kanda zile zilibadilisha maisha ya mwanafunzi wa uzamivu. Kabla yake, kila mmoja alikuwa na takwimu zake kidogo, na hakuna aliyeweza kumkagua mwenzake. Baada yake, wote walikula sahani moja. Ukisoma leo tasnifu ya fani hii iliyoandikwa Chicago, London au Hong Kong, kuna uwezekano mkubwa utaona takwimu za Marekani zinazoanzia 1926, kwa sababu ndipo Lorie na Fisher walipoanzia.

Katika chuo hicho hicho alikuwapo Eugene Fama, kijana aliyesoma lugha ya Kifaransa katika shahada yake ya kwanza. Akiwa bado chuo cha Tufts, alifanya kazi kwa mwalimu aliyekuwa na jarida la kutabiri soko. Kazi yake ilikuwa kubuni kanuni za kununua na kuuza. Mwalimu huyo alikuwa mtaalamu mzuri wa takwimu, akamlazimisha kuacha kando sehemu ya takwimu asiyoigusa, kisha kuijaribia kanuni. Kila kanuni iliyong'aa kwenye takwimu za zamani ilifia kwenye takwimu zilizowekwa kando. Nadhani somo hilo lilimjenga kuliko darasa lolote.

Alivyoingia Chicago ni kisa kingine. Aliomba nafasi, hakujibiwa, akapiga simu. Mkuu wa wanafunzi aliyepokea simu akamwambia hawana kumbukumbu ya ombi lake. Akamuuliza alama zake, akasikia ni za juu zote, kisha akasema wanao ufadhili uliotengwa kwa mwanafunzi wa Tufts, je, angeutaka? Tasnifu ya Fama ilichunguza bei za kila siku za hisa 30 za orodha ya Dow Jones, kuanzia mwisho wa 1957 hadi Septemba 1962. Ilionyesha kuwa bei za jana hazimsaidii mtu kujua za kesho kwa kiasi cha kumpa faida, na pia kwamba siku za mshtuko mkubwa hutokea mara nyingi kuliko hisabati ya kawaida inavyotarajia. Jarida la chuo liliichapisha Januari 1965 karibu nzima. Nobel ilimfikia mwaka 2013.

Mwenzake katika tuzo hiyo alikuwa Robert Shiller, ambaye mwaka 1981 alionyesha kuwa bei za hisa huyumba mno kuliko magawio yanayofuata yanavyoweza kuhalalisha. Wawili hao hawakubaliani hadi leo, na wote walipewa tuzo mwaka mmoja pamoja na Lars Peter Hansen, aliyetengeneza mbinu ya takwimu ambayo pande zote mbili huitumia kupimana. Mimi nauona uamuzi huo kuwa wa haki.

Je, wajua kwamba Fischer Black, mwenye fomula maarufu kuliko zote za fedha, hakuandika tasnifu ya fedha?

Tasnifu yake Harvard, mwaka 1964, ilihusu programu ya kompyuta inayojibu maswali kwa kufuata mantiki. Fedha alijifunzia kazini. Fomula ya bei za mikataba ya haki za kununua hisa, aliyoitengeneza na Myron Scholes, ilikataliwa na majarida mawili kabla Merton Miller na Fama hawajaingilia kati; ikatoka mwaka 1973, mwaka ule ule ambao soko rasmi la mikataba ya haki za kununua hisa lilifunguliwa Chicago. Nobel ilitolewa mwaka 1997 kwa Scholes na mchumi mwenzao Robert Merton. Black alikuwa amefariki mwaka 1995.

Je, wajua kwamba kuna fumbo ambalo wanafunzi wa uzamivu hufundishwa tangu 1985, na bado wanalitafutia jibu?

Rajnish Mehra na Edward Prescott walitazama Marekani kuanzia 1889 hadi 1978. Baada ya kuondoa mfumuko wa bei, hisa zililipa wastani wa karibu asilimia 7 kwa mwaka. Dhamana za muda mfupi zisizo na hatari zililipa chini ya asilimia 1. Tofauti ni zaidi ya asilimia 6. Walipoichukua modeli ya kawaida ya uchumi na kuipa kila nafasi ya kueleza tofauti hiyo, iliweza kufikia asilimia 0.35 tu. Ili ieleze kiasi chote, ingebidi tuamini kwamba watu wanaogopa hasara kwa namna ambayo hatuioni wanapokata bima au kuchagua kazi.

Majibu yamekuwa mengi. Wengine wanasema watu hulinganisha maisha yao na waliyoyazoea, hivyo kushuka kidogo kunawauma sana. Wengine wanasema bei zimebeba hofu ya majanga adimu ambayo Marekani ilibahatika kuyakwepa. Kila jibu limezaa tasnifu zake, na kila moja linaacha takwimu fulani likiwa halijaieleza.

Je, wajua kwamba faida ya ugunduzi huanza kupungua ukichapishwa?

Mwanafunzi wa Chicago, Rolf Banz, aligundua kwamba hisa za kampuni ndogo zililipa zaidi ya ilivyotarajiwa na modeli ya Sharpe. Makala yake ilitoka 1981. Mwaka huo huo David Booth, aliyeacha masomo yake ya uzamivu Chicago kabla ya kuyamaliza, alishiriki kuanzisha kampuni ya uwekezaji iliyojikita kwenye hisa ndogo kama hizo. Mwaka 2008 alikipa chuo dola milioni 300, na shule ya biashara sasa ina jina lake. Cliff Asness, mwanafunzi mwingine wa huko, alikwenda kwa Fama akiwa na woga: alitaka kuandika kuwa hisa zilizopanda karibuni huelekea kuendelea kupanda, jambo linalopingana na mafundisho ya msimamizi wake. Fama alimjibu kwamba kama limo katika takwimu, aliandike.

Lakini watafiti walipoongezeka, vigezo vilivyodaiwa kutabiri bei viliongezeka mno. Makala ya mwaka 2016 ya Campbell Harvey na wenzake wawili ilihesabu 316. Ukijaribu mawazo 20 yasiyo na maana kwa kipimo cha kawaida cha takwimu, moja kwa wastani litaonekana kuwa la kweli kwa bahati tu. Kwa hiyo walipendekeza kipimo kinachoitwa t kipandishwe kutoka 2 hadi 3. Mwaka huo huo David McLean na Jeffrey Pontiff walifuatilia vigezo 97 na kukuta kwamba faida yake hupungua kwa asilimia 58 baada ya kuchapishwa. Sehemu ilikuwa bahati ya takwimu tangu mwanzo, na sehemu imeliwa na wawekezaji waliosoma makala. Watafiti wengine wamerudia majaribio haya kwa njia tofauti, na baadhi yao wanaona kuwa vigezo vingi vinasimama. Mjadala huo ni mkali na unaendelea.

Je, wajua kwamba mbinu za New York hupotosha zikiletwa Nairobi au Dar es Salaam bila kurekebishwa?

Soko la Nairobi lilianzishwa 1954, na la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Hisa nyingi katika masoko kama haya hupitisha siku nzima bila kuuzwa, na bei inayoandikwa inakuwa ya biashara ya zamani. Mtafiti akizipima kwa modeli ya Sharpe, huziona hazina hatari, kwa sababu tu hazikusogea soko liliposogea. Elroy Dimson alipendekeza mwaka 1979 kwamba hisa ilinganishwe na soko la leo, la siku zilizotangulia na la siku zinazofuata, kisha matokeo yajumlishwe. John Dickinson na Kinandu Muragu, waliochapisha mwaka 1994 utafiti wao kuhusu Nairobi, walitumia bei za kila wiki. Hata katika soko dogo namna hiyo, bei zilizopita hazikuwa na mwongozo wa maana kwa zijazo.

Bado kuna maswali ambayo yanamsubiri mwanafunzi mvumilivu. Hisa za Uchumi, duka kubwa la Kenya, zilisimamishwa sokoni mwaka 2006 na kurejea mwaka 2011. Mtu aliyekuwa nazo hakuweza kuziuza sokoni kwa miaka mitano. Anayekokotoa faida ya mwenye hisa wa Kenya aiandike miaka hiyo vipi: sifuri, hasara yote, au ajenge bei kutoka kwa vitabu vya kampuni? Kila uamuzi unatoa wastani tofauti wa soko zima, na kabla ya kuuliza kama modeli yoyote inafanya kazi hapa, lazima mtu aketi na magazeti ya zamani na ripoti za mwaka, afanye uamuzi huo kwa kila kampuni, na aandike wazi alivyoufanya.